Tai wa Taifa na Kisima cha Shangazi Mashavu

Nchi hii ipo. Leo asubuhi nimechungulia dirishani nikaona bado ipo, nikashukuru kama tunavyoelekezwa kushukuru kabla ya kupiga mswaki. Jina lake silitaji. Si kwamba naogopa, ila lilikuwa linabadilishwa wiki niliyoanza kuandika na sijasikia wameafikiana lipi. Inatosha kusema ni nchi nzuri, ina milima mitatu, mto mmoja unaokauka kwa ratiba, na kiongozi aitwaye Mwangalizi Mkuu, ambaye hatujawahi kumwona lakini yeye anatuona sana.

Mimi niliishia darasa la tano, mwaka shule yetu ilipogeuzwa ghala la picha za Mwangalizi Mkuu. Picha na wanafunzi tusingetosha pamoja. Kwa hiyo mwenye elimu akiona nimekosea mahali anisamehe. Nitaandika nilichokiona kutoka nyuma ya mlango wa jikoni kwa Shangazi Mashavu, maana mbele za watu huwa sisimami, na nilichokisikia redioni, ambako kusikia ni lazima.

Mambo yalianza na sarafu. Mwangalizi Mkuu alikuwa akituhutubia, mara tukasikia sarafu ikigongwa mezani.

"Huyu tai wa kwenye sarafu," akauliza, "saa hizi yuko wapi?"

Redioni tukasikia karatasi zikipekuliwa. Mawaziri wetu wanajua kila mtu yuko wapi, amelala kwa nani na amekula nini, lakini tai hawakuwa na jalada lake.

"Yaani kuna kiumbe anazunguka juu ya nchi yangu," akaendelea, "juu yangu mimi, anatazama chini, na hakuna anayejua anatazama nini?"

Kabla ya saa ya chakula cha mchana, Waziri wa Misitu alikuwa amekwenda kupumzika mahali ambapo chakula cha nyumbani hakiruhusiwi. Ikaundwa Wizara ya Anga na Mambo ya Juu, akapewa Mheshimiwa Ngwembele, aliyekuwa Waziri wa Migodi na Mashimo. Redio ilieleza kwamba uzoefu anao wa kutosha, alichotakiwa ni kuinua shingo tu.

*

Mtu aliyejua namna ya kumfuata tai alikuwa mmoja nchini, Bwana Kihongo, kijana mrefu mwenye miwani, aliyesomea ndege nje ya nchi na kurudi kwa hiari yake. Hilo la kurudi kwa hiari lilimtia mashakani kidogo, lakini walimhitaji.

Haya ninayoyaeleza sasa alituambia mwenyewe baadaye, akiwa amekaa kwenye kigoda jikoni kwetu. Tai haendi na mipaka. Asubuhi yuko bonde hili, jioni yuko nyuma ya mlima wa tatu, huwezi kumfuata kwa miguu wala kwa gari. Kwa hiyo unamtega, unamfunika macho atulie, unamvisha mgongoni kifaa kidogo cha redio kwa mikanda laini, kama mtoto anavyovaa mkoba wa shule. Juu ya kifaa kuna kioo cha kula jua, ili betri isife. Kifaa kinalia ti, ti, ti, polepole. Watu watatu wanapanda milima mitatu, kila mmoja na antena yake, anaigeuzageuza mpaka asikie mlio umekuwa mkubwa, kisha anachora mstari kwenye ramani kuelekea huko. Mistari mitatu inapokatana, hapo ndipo tai alipo.

"Ni kazi nzuri," alisema Bwana Kihongo, na macho yake yakawa ya mtu anayekumbuka nyumbani kwao. "Ina sharti moja tu. Mzigo wa tai usizidi uzito wa yai moja la kuku. Ukizidi hapo, hawezi kuwinda."

Sharti hilo aliliandika, likasomwa mbele ya kamati, likapigiwa makofi. Kisha kamati ikauliza: tai wa taifa ataruka vipi bila ngao ya taifa? Ikafungwa ngao ndogo ya shaba kifuani. Ofisi ya Vitambulisho ikamtundikia kitambulisho chenye picha yake, ambayo ilirudiwa kwa sababu mara ya kwanza hakutazama mbele. Watu wa Mapato wakabandika stempu. Jeshi likasema kiumbe anayepita juu ya kambi hawezi kuwa raia wa kawaida, akapewa cheo cha kanali, nyota zikashonwa kwenye mikanda, kila bega tatu na moja ya akiba. Watu wa Usalama wakaongeza kifaa chao cha pili, cha kusikiliza tai anazungumza nini na nani. Mwisho kabisa ikaja picha ya Mwangalizi Mkuu, kwenye fremu.

"Mheshimiwa, hataruka," Bwana Kihongo akasema.

Waziri Ngwembele akamtazama kwa huruma. "Kijana, wewe ulisoma tai wa huko. Wa huko hana uzalendo. Wetu atapata nguvu kutokana na hivyo alivyobeba."

Siku ya kumwachia, uwanja ulijaa. Waziri alihutubia kuanzia asubuhi mpaka kivuli cha jukwaa kikahamia upande wa pili. Alisema nchi nyingine zinarusha vyombo angani kwa gharama kubwa, ilhali sisi tumemwendea Mungu moja kwa moja. Kisha akamfunua tai macho, akamrusha.

Tai alianguka mbele ya jukwaa, akasimama, akajikung'uta. Ngao ikagonga fremu. Akatazama juu, akatazama watu. Halafu akaanza kutembea kuelekea barabarani.

Mtangazaji wa redio alikuwa hodari. "Naam, wananchi! Tai wetu, kwa unyenyekevu wa aina yake, ameamua kuanza na ardhi!"

*

Toka siku hiyo mlio wa tai ulirushwa redioni kila jioni kabla ya taarifa ya habari. Uliitwa Mapigo ya Taifa. Ti… ti… ti… Tulisimama mpaka uishe.

Milima nayo ilifanya kazi. Mkuu wa mlima wa kwanza alikuwa na cheo kikubwa kuliko wa pili, na wa pili kuliko wa tatu. Wa kwanza alichora mstari wake kuelekea nyumbani kwa Mwangalizi Mkuu, maana tai wa taifa angekuwa wapi kwingine? Wa pili hakuweza kumpinga mkubwa wake kwa mstari, akaupeleka hukohuko. Wa tatu alikuwa anasikia mlio wazi kabisa upande wa kwetu, upande wa jangwa, lakini ana watoto. Mistari ikakatana vizuri sana. Kila jioni ikatangazwa kwamba tai yuko juu ya paa la Ikulu, na wakati huohuo sisi tulikuwa tunamwona anapita kijijini kwa miguu.

Kijiji chetu kinaitwa Mavumbini. Ni nyumba chache kuzunguka kisima kimoja kirefu, ambacho marehemu mume wa Shangazi, Mzee Kitwana, alikichimba kwa mikono yake mpaka akatoka damu puani. Amezikwa hatua chache kutoka hapo. Maji mengine ni ya kambi ya jeshi, mwendo wa nusu siku, na yana chumvi. Shangazi Mashavu alikuwa ndiye mwenye kukitunza kisima: kamba anasuka yeye, kapi inayopitisha kamba juu ya mti wake anaipaka mafuta yeye, na anayegombana na wanaochota kwa ndoo chafu ni yeye. Tulikaa naye mimi na binti yake Chausiku, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kike. Mume wa Chausiku alikuwa amechukuliwa kujenga barabara, na barabara ilikuwa bado haijaamuliwa iende wapi.

Tai alikuja wakati wa jua kali. Alikuwa amekonda, manyoya ya mkia yameisha kwa kuburutwa, lakini ngao ilikuwa inang'aa.

"Njoo uone," Shangazi akaniita taratibu. "Huyu ni kuku au ni mkubwa wa serikali?"

"Ana nyota, Shangazi."

"Basi mwamkie."

Nikamwamkia kutoka nyuma ya mlango. Hakuitika. Alikuwa anamfuata kifaranga wetu mmoja, na yule kifaranga hakuona hata haja ya kukimbia, alikuwa anatembea tu mbele yake. Mwisho tai akaacha. Akauona mti wa kisima, akapanda kwa kucha, hatua kwa hatua, kama mzee anayepanda ngazi za hospitali. Alipofika juu kwenye kapi, nadhani alitaka kufanya kile walichokuwa wakifanya zamani wakifika juu. Akafungua mabawa, akajitupa.

Mikanda ikanasa kwenye kapi. Kamba ikamzunguka shingo na ngao. Akaning'inia juu ya mdomo wa kisima, akapigapiga kidogo, fremu ikavunjika kioo, kisha akatulia.

Shangazi alisimama muda mrefu na ndoo mkononi.

"Kanali amekufa kwenye kamba yangu," akasema. "Nyamizi, ingia ndani, hukuona kitu."

*

Hapa inabidi nieleze jambo moja la kile kifaa. Waliokitengeneza walikuwa watu wenye akili. Tai akiwa hai, anatikisika, na kifaa kinalia polepole. Tai akikaa saa kadhaa bila kutikisika hata kidogo, kifaa kinajua amekufa, kinaanza kulia haraka mara mbili, ili wataalamu wamfuate waone kilichomuua.

Jioni ile tukasimama mbele ya redio kama kawaida. Ikalia: ti-ti-ti-ti-ti-ti.

Mtangazaji naye akashtuka, lakini kidogo tu. "Wananchi! Mnasikia? Mapigo ya Taifa yameongezeka! Tai wetu anakwenda kasi mara mbili!"

Nchi ikalipuka kwa furaha. Mizinga ilipigwa. Mwangalizi Mkuu mwenyewe alisema maneno mawili, "Nilijua," na maneno hayo yakachapishwa kitabu. Kesho yake ikatoka amri kwamba kazi zote zifuate mapigo. Anayelima ashushe jembe kwa kila ti, anayetwanga atwange hivyohivyo, makarani wagonge mihuri hivyohivyo, na kwenye kantini za serikali hata kutafuna. Viwandani wakaweka vipaza sauti. Watu walianguka, wakaondolewa, wakawekwa wengine, mapigo hayakusimama.

Bwana Kihongo peke yake ndiye aliyeelewa. Alipanda basi, akashuka njia panda, akatembea na antena yake mpaka kwetu. Alipomwona tai kwenye kapi, alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake nzuri.

"Walimuua," akasema.

"Sisi hatukumgusa, baba!" Shangazi akaruka. "Kaja mwenyewe kwa miguu yake! Muulize kifaranga!"

"Najua, mama. Sikusema ninyi."

Shangazi akamletea maji ya mtungini, yaliyobaki ya jana yake, maana toka tai anase hatukuthubutu kuvuta kamba. Akanywa. Ndipo akatueleza yale ya milima na yai la kuku, na ule mlio wa haraka. Akasema atakwenda kumweleza Waziri, kifaa kitolewe, tai azikwe, nasi tuchote maji. Alisema kwa uhakika, nami nilimwamini, kwa sababu alikuwa na miwani.

Yaliyotokea ofisini kwa Waziri alikuja kutusimulia baada ya siku kadhaa, akiwa amevaa koti jipya.

"Nikamwambia, Mheshimiwa, mlio huu maana yake tai amekufa. Akainuka akafunga dirisha. Akaniuliza, 'Nani mwingine anajua?' Nikasema, 'Kitabu cha maelekezo.' Akaniuliza, 'Kiko wapi?' Nikampa. Akakifungia kabatini, akarudi akakaa."

"Halafu?" Shangazi akauliza.

"Akasema, 'Kijana, tukimwondoa itakuwaje?' Nikasema, 'Mtu yeyote akimgusa, kifaa kitatikisika, kitarudi kulia polepole.' Akasema, 'Yaani taifa litapungua kasi nusu, mbele ya dunia nzima, kwa sababu ya ndoo ya maji?'" Bwana Kihongo akalipapasa koti. "Nimefanywa Mkurugenzi wa Kasi."

"Hongera, baba," Shangazi akasema. Kisha akauliza, "Na kamba?"

 Bwana Kihongo akatazama miguu yake. Ana mama mgonjwa mjini, na nyumba ya Mkurugenzi ina ngazi nne na bafu.

*

Amri ilibandikwa kwenye mti wa kisima kwa uangalifu mkubwa, wasije wakautikisa. Ilisema kwamba Tai wa Taifa amechagua Mavumbini kuwa makao yake ya kasi. Hakuna kugusa kamba, kapi, wala mti. Hakuna kutwanga karibu. Hakuna kukimbiza mbuzi. Kupiga chafya kufanyike upande wa barabara. Akaletwa mlinzi, Koplo Mdoe, kijana mnene wa huko bondeni, na pipa lake la maji ya kunywa, la kumtosha yeye.

Kwa siku za kwanza tulikwenda kambini kuchota yale ya chumvi. Wenye punda walikwenda na punda, sisi tulikwenda na vichwa. Kisha kambi ikasema maji ni siri ya jeshi. Watu wakaanza kuhama, nyumba kwa nyumba, wakipita mbali na kisima kwa kunyata, na mikeka vichwani. Jirani yetu, Mama Tabu, alikuja kuaga.

"Twende, Mama Chausiku. Utakaa hapa unywe nini? Nyota za kanali?"

"Kitwana amelala pale," Shangazi akasema. "Nikaondoke nimwachie nani?"

"Mwachie Koplo. Si analinda?"

Wakacheka wote wawili, kicheko cha midomo iliyopasuka, na Koplo Mdoe akatunyooshea kidole tupunguze, kicheko kinatikisa.

Siku Waziri Ngwembele alipokuja kuhiji kwa tai, tulikuwa tumebaki nyumba mbili. Walitandika zulia ili viatu visipige kishindo. Waziri alihutubia kwa kunong'ona, na wapiga picha wakapiga makofi kwa kidole kimoja. Alisema kuna mataifa yanayokimbia ovyo, lakini sisi ndio wa kwanza kukimbia tukiwa tumetulia. Tai alikuwa ameshakauka. Kichwa kilikuwa kimelala kwenye ngao, na siafu walikuwa wanapanda na kushuka kwa mstari mzuri kuliko ile mistari ya milima.

Shangazi akapita chini ya mkono wa mlinzi, akapiga magoti kwenye zulia.

"Mheshimiwa, mjukuu wangu anaharisha toka jana. Mama yake maziwa yamekauka. Naomba ndoo moja. Nitavuta polepole kama ninavyomvalisha mtoto nguo. Moja tu."

Waziri akainama, akamshika bega mbele ya kamera. "Mama, nimekusikia. Serikali yako imekusikia. Lori la maji litakuja."

Na lori lilikuja, sisemi uongo. Lilisimama mbali barabarani kwa sababu ya mtikisiko. Wakashusha mpira mrefu, wakaosha barabara yote ambayo msafara wa Waziri ungepita kurudi, ili vumbi lisimchafue. Chausiku alikwenda na sufuria. Alirudi na matope, akayachuja kwa kanga, akapata vikombe viwili vya rangi ya chai. Tulimpa mtoto. Akatapika.

*

Siku ya pili yake jioni mtoto aliacha kulia, na ndipo tulipoogopa. Macho yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiibana inabaki imesimama. Chausiku alikuwa amemkalisha mapajani anampepea kwa kipande cha boksi.

Shangazi akainuka, akachukua ndoo, akaifuta kwa pindo la kanga kama alivyozoea. Akatoka. Mimi nikasimama mlangoni, nusu ndani.

"Mama," Koplo Mdoe akamwita, "unakwenda wapi na ndoo?"

"Kuchota maji, mwanangu."

"Mama Chausiku, usinitie matatani. Nina amri ya kupiga risasi."

"Piga. Ila risasi nayo inatikisa."

Koplo akafikiria hilo. Lilikuwa ni kweli. Akaitazama bunduki, akautazama mlango wetu, akasikia jinsi ndani palivyo kimya. Pipa lake mwenyewe lilikuwa limekauka toka juzi yake, na barua ya kuomba jingine ilikuwa bado inapita ofisini.

"Bendera inaning'inia vibaya pale," akasema mwishowe. "Ngoja niikazie macho. Nikiikazia macho bendera sioni kitu kingine." Akageuka.

Shangazi akafunga ndoo kwenye kamba, akaishusha. Kapi ikalia. Toka tai anase hatukuwa tumeisikia, na mimi machozi yalinitoka kwa ile sauti tu. Tai akazunguka na kapi, ngao ikagonga, akazunguka tena, mabawa yakafunguka kwa uzito wake, na kwa kitambo kidogo alionekana kama anaruka. Ndoo ikatoka imejaa. Shangazi akajaza kofia ya Koplo bila kuulizwa, akaingia ndani.

Mtoto alikunywa kwa kijiko, na chumvi kidogo na sukari, akatulia, akanywa tena.

Wakati huo redio ikafikia saa ya habari. Tukasimama kwa mazoea. Na redio ikalia: ti… ti… ti…

Mtangazaji akakohoa. Nilisikia pumzi yake.

Nilikuja kuambiwa baadaye na watu wa sehemu mbalimbali mambo yalivyokuwa jioni ile. Kiwandani mjini, zamu ya usiku ilisikia vipaza sauti vimepungua, wakashusha mikono polepole, mmoja akakaa chini, wengine wakakaa. Wasimamizi hawakuwa na la kusema, kwani amri ni kufuata mapigo. Kwenye mashamba ya serikali waliegemea majembe. Mwanamke mmoja aliniambia alilala usingizi ambao hakuwahi kuulala toka tai aongeze kasi, akaota anakula embe. Nchi nzima ilipumzika. Asubuhi mapigo yalikuwa yamerudi haraka, kwa sababu tai alikuwa ametulia tena.

Nao wakaja na magari.

*

Kesi iliwapa shida kidogo. Hawakuweza kumshtaki Shangazi kwa kumgusa tai aliyekufa, maana tai hajafa. Hawakuweza kusema amemtikisa tai aliye hai, maana tai aliye hai anajitikisa mwenyewe. Mwisho shitaka likawa kulipunguzia taifa kasi kwa kutumia ndoo.

Bwana Kihongo aliitwa kama mtaalamu. Alivaa lile koti.

"Mkurugenzi," mwendesha mashtaka akamuuliza, "mlio wa polepole una maana gani?"

Bwana Kihongo akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Shangazi alikuwa anamtazama bila chuki, kama unavyomtazama mgeni uliyempa maji ya mwisho ya mtungini.

"Uchovu," akasema.

Koplo Mdoe alieleza kwamba wakati wote alikuwa anaitazama bendera, akapewa nishani. Hakimu akamuuliza Shangazi kama ana la kujitetea.

"Mtoto alikuwa na kiu," akasema.

"Hilo halimo kwenye shitaka," Hakimu akasema, kwa upole kabisa.

Alifungwa mpaka taifa lifike linakokwenda. Mwanasheria wetu, aliyetolewa na serikali, alisema ni kifungo kizuri, kwa sababu kwa kasi tuliyo nayo si muda mrefu.

Mimi na Chausiku na mtoto tulihamishiwa mjini, kwenye chumba nyuma ya ghala la picha. Mtoto yupo, ameota meno. Bwana Kihongo, nasikia, ndiye aliyetoa wazo la mwisho, na nadhani alilitoa kwa ajili yetu, akiamini litasaidia. Aliishauri wizara irekodi mlio wa haraka kwenye kanda, ili upigwe kutoka studio kila jioni, na kisima kisihitajike tena. Wizara ikafurahi. Sasa ni kanda inayolia. Tai anaweza kutikiswa na upepo, anaweza kuanguka kisimani, taifa halitasikia.

Nilipokwenda gerezani kumtazama Shangazi nilikuwa na hamu ya kumpa habari hiyo. Tulikaa yeye huku, mimi huku, bibi mlinzi katikati. Amekuwa mdogo sana. Nikamweleza habari za kanda kwa kunong'ona.

Uso wake ukafunguka. "Kumbe! Basi kamba wameifungua?"

"Bado, Shangazi."

"Kwa nini bado?"

"Koplo Mdoe yuko palepale. Amri haijabanduliwa. Wamejenga ukuta kuzunguka."

"Na nani anakunywa?"

"Hakuna mtu Mavumbini, Shangazi."

Vidole vyake vikawa vinasuka pindo la nguo ya gereza kama anavyosuka kamba. "Basi wanalinda nini?"

 Yule bibi mlinzi ndiye aliyejibu, akiwa anatazama saa yake.

"Kasi, mama. Haya, muda umekwisha."

Nimerudi chumbani na naandika haya wakati redio inaanza. Mapigo ni yaleyale, hayapungui wala hayaongezeki. Mtangazaji anasema hatujawahi kukimbia hivi. Chausiku amesimama na mtoto mgongoni, na mimi nasimama sasa hivi, kalamu mkononi, mpaka yaishe.